Mwanafunzi Ninayemwamkia Shikamoo

Jumapili, Julai. Area D, Dodoma.

Upepo umeanza tangu asubuhi na hauna dalili ya kuchoka. Nimefagia baraza, nikageuka kuweka ufagio, vumbi likawa limesharudi mahali pake. Baridi ya mwezi huu nayo haina adabu. Nimevaa soksi ndani ya kandambili na sijali nani ananiona.

Nimechanganyikiwa.

Nimeliacha neno hilo peke yake juu hapo ili kesho nikilisoma nijue sikuwa natania. Wiki nzima nimekuwa mtu asiyejua asimame upande gani. Nikiwa mwalimu nakosea, nikiwa mtoto nakosea, na nikinyamaza nakosea zaidi. Ngoja niandike yote kama yalivyotokea, labda nikimaliza nitaelewa.

Nianze na hili. Mimi nina miaka thelathini na minane. Baba yangu mdogo, Yeremia, ana miaka ishirini na minne.

Babu yetu alioa mke wa pili akiwa na mvi tayari, na Yeremia ndiye kitinda mimba wa nyumba hiyo. Marehemu baba yangu alikuwa wa kwanza kabisa. Kwa hiyo huyu kijana anayelala chumba cha uani hapa kwangu, anayependa chipsi na jezi za mpira, ni mdogo wake baba kwa baba mmoja, na ndugu zao wengine wote wa kiume wameshatangulia. Nilimbeba mgongoni nikiwa msichana. Nimemfuta kamasi baba yangu kwa upindo wa kanga hii hii niliyojifunga sasa.

Na kila asubuhi namwamkia. Namkuta bombani, mdomo umejaa povu la dawa ya meno, nasema, "Shikamoo baba." Naye anatema, anajifuta, ananiitikia kwa utulivu wote, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?"

Mume wangu, Baba Sechi, ambaye kwao ni Tabora, humwita mkwe. Alianza kwa utani, sasa utani umekwisha na jina limebaki. Binti yetu Sechelela, tunayemwita Sechi, yuko darasa la tano na humwita Babu. Aliwahi kuwasimulia wenzake shuleni kwamba babu yake anacheza winga ya kulia, wakamwambia ni mwongo, akarudi nyumbani analia. Sikujua nimtulize vipi. Ni kweli babu yake anacheza winga ya kulia.

Watu huona kama mchezo, lakini si mchezo. Mdogo wangu Neema alipochumbiwa, wageni walipokuja na barua ya posa, mtu wa kukaa kwenye kiti cha baba alikuwa Yeremia. Alivaa koti la Baba Sechi lililompwaya mabegani. Wazee wa upande wa pili walimtazama, wakatazamana, kisha wakamsalimia kama inavyostahili. Akawajibu taratibu, hakubabaika, na pale alipokuwa hajui alisema hajui. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na sinia la vikombe, na kila nilipopita mbele yake niliinama. Siku ile sikuona ajabu yoyote.

Sasa tuje kwenye Kiingereza.

Yeremia alimaliza kidato cha nne kule kwetu, akasoma kozi fupi ya hoteli hapa mjini, na kesho Jumatatu ana usaili wa kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja. Ni hoteli inayopokea wageni wa mikutano, wazungu kwa Waafrika wenzetu, na tangazo lilisema wazi kwamba usaili wote ni kwa Kiingereza. Ameshaitwa sehemu mbili na kote alishikwa na kigugumizi mlangoni. Hii ya kesho anaitaka. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo si kawaida yake, "Mwanangu, hii nikiikosa nitarudi kulima, na sitarudi tena mjini kujaribu."

Kwa hiyo nikawa mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi, nashinda na barua za Kiingereza kutwa, nikajiona natosha. Tukawa tunakaa mezani baada ya chai ya jioni, Sechi upande huu na kazi zake za shule, Yeremia upande ule.

Nilianza na maneno yanayochanganya watu, nikagundua yananichanganya hata mimi. *Borrow* na *lend*, kwa mfano. Sisi tukisema tumeazimana jembe, jembe limeazimwa, inatosha, kila mtu anajua limetoka kwa nani. Mzungu anataka neno moja la anayetoa na jingine la anayepokea. Yeremia akaniuliza, "Kwani jembe lenyewe si moja?" Nikacheka, nikahamia neno jingine.

Halafu *quiet* na *quite*. Alitaka kumwambia mgeni kwamba chumba ni kimya, akaishia kumwambia chumba ni *quite*, na sentensi ikabaki inaning'inia. Halafu *guest* na *guess*. Halafu *desert* na *dessert*, ambapo alimkaribisha mgeni wetu wa kufikirika ale jangwa baada ya chakula. Hapo tulicheka sote pamoja, na yeye ndiye aliyecheka zaidi. Akasema kwa upepo huu wa Dodoma mgeni atalila hata asipoliagiza. Zilikuwa jioni nzuri zile. Nazitaja kwa sababu nataka ikumbukwe kwamba hatukuanza vibaya.

Tulipofika kwenye kulinganisha ndipo mambo yakaharibika.

Kiswahili chetu hakina makuu. Mrefu kuliko, mfupi kuliko, mzuri kuliko, basi, neno moja linakupeleka popote. Kiingereza kina matabaka. Maneno mafupi unayabandika mkia: *tall, taller*. Maneno marefu hayakubali mkia, unayatangulizia *more*. Mengine yanajigeuza kabisa: *good* anakuwa *better*, *bad* anakuwa *worse*, hata huwezi kujua kama ni ndugu. Na ukishaweka mkia usitangulize *more*. Yeremia hapo ndipo alipokwama. Kila akitaka kusema chumba hiki ni bora zaidi, anasema *more better*.

"Lakini sisi si tunasema bora zaidi?" aliniuliza. "Bora, halafu zaidi. Mbona hakuna anayecheka?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Hadi leo linanikaa.

Jumatano nilirudi kutoka kazini na sumu moyoni. Tulikuwa na kikao, na mkubwa wangu alionyesha ukutani barua pepe niliyoiandaa mimi. Mahali pa kusema tusipoteze fursa hii, niliandika *loose*, na o zangu mbili. Akaisoma kwa sauti, akageuka, akasema, "Mama Sechi, hii fursa inapotea au inalegea?" Chumba kizima kikacheka. Nikacheka nami, nitafanyaje. Mkubwa wangu huyo nimemzidi miaka sita, na kila siku namwita mkubwa bila ulimi kukwaruza. Nilirudi nyumbani naona aibu hata kwa konda.

Nikakaa mezani. Nikajifanya mwenye hoteli, nikamwuliza Yeremia kwa Kiingereza vyumba viwili vya ghorofani vinatofautianaje. Akanyoosha mgongo, akajibu, "*Sir, this one is more better than that one.*"

Nilicheka. Hakikuwa kicheko cha jangwa na mgeni. Kilikuwa kile kicheko cha kikaoni, nilikibeba mzima mzima kutoka ofisini nikaja kukimwaga pale mezani. Sechi kuona mama anacheka, naye akadakia, "*Babu, it's just better!*" Na mimi, badala ya kumkanya mtoto, nikaongeza langu. Nilisema, "Unaona? Hata Sechi anajua. Wewe mtoto una kichwa kigumu kweli."

Wewe mtoto.

Baba Sechi alipunguza sauti ya televisheni. Yeremia alisogeza kikombe chake katikati ya meza. Kisha akasimama, akasukuma kiti taratibu mpaka kikaingia chini ya meza.

"Nimekusikia, dada," alisema.

Hajawahi kuniita dada maishani mwake. Hata alipokuwa mdogo wa kubebwa, mama yangu alimfundisha aniite mwanangu, na watu walikuwa wanakuja kumsikiliza kijitoto kinavyoniita mimi msichana mkubwa mwanangu. Dada humwita muuza nyanya usiyemjua jina. Nilihisi kama amechukua kitu changu akaondoka nacho.

Asubuhi nilipokwenda bombani na shikamoo yangu mdomoni, chumba cha uani kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, na begi halipo.

Baba Sechi alisema ameenda kijijini kwetu Haneti, kwa mama yangu, alimsikia akiongea na simu. Akaongeza, huku anafunga kamba za viatu, "Umemwita mkwe wangu mtoto, tena mbele ya mjukuu wake. Mimi sina la kusema." Mtu akisema hana la kusema, ujue ameshasema.

Nilimpigia Yeremia, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, kwa sababu nilipousoma niliona nimejitetea kuliko kuomba msamaha. Maana ukweli ni kwamba nilikuwa bado nabishana kichwani. *More better* si makosa? Ni makosa. Mimi si ndiye ninayejua? Ndiye. Kesho akiisema kwenye usaili si watamcheka wao? Watamcheka. Sasa kosa langu ni lipi? Halafu nasikia tena ile dada, na hoja zangu zote zinakaa chini.

Jana Jumamosi nilipanda basi la Kondoa, nikashuka Haneti.

Mama alikuwa ananingoja njiani, kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Hakunipa hata nafasi ya kutua mkoba. "Ulimwita nani mtoto?" Nikaanza kueleza habari za usaili na Kiingereza na jinsi nilivyochoka siku ile. Akanikata. "Sikukuuliza Kiingereza. Nimekuuliza siku ya Neema nani alikaa kwenye kiti cha baba yako."

Nikatua mkoba.

"Basi huyo ndiye unayekwenda kumwona," alisema. "Usiende na vyeti vyako."

Kwetu huwezi kumwendea baba uliyemkosea ukasimama mbele yake na kusema samahani kama uliyemkanyaga mtu sokoni. Unapelekwa. Mama alitangulia, mimi nyuma, mpaka uwanja wa kupuria, ambako Yeremia na majirani walikuwa wanapura uwele. Alikuwa na makapi kichwani na kwenye nyusi, amepauka mwili mzima. Alituona tangu mbali. Hakuacha kupiga. Wenzake ndio waliopunguza kidogo kidogo, kisha wakajidai wana kiu wakasogea pembeni.

"Shemeji," mama alimwambia, "mwanao amekuja."

Nilipiga goti pale pale kwenye makapi na sketi yangu ya kazini. Nikasema, "Shikamoo baba." Akapiga tena mara mbili. Nikasema, "Nimekosa, baba. Nilikutamkia neno ambalo si lako."

Hakusema amesamehe. Aliangusha ule mti wa kupuria, akanitazama vizuri, akauliza, "Umesafiri bila kula?"

Nililia. Nasema wazi, nililia mbele ya majirani. Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa anauliza hivyo. Ukitoka shule, ukitoka safari, hata ukitoka kuchapwa, swali lake la kwanza lilikuwa hilo, na kwa sauti ile ile ya kama kukasirika. Sikujua kwamba kuna mtu amelirithi.

Tulikula nyumbani, ugali wa uwele na mlenda. Baada ya kunawa ndipo aliponiambia kilichomuuma. Haikuwa Kiingereza. Alisema kukosea anakosea na kuchekwa amezoea. "Ila ulinicheka Sechi akiwepo. Yule mtoto akikosa adabu kesho, nitamkanya kwa mdomo upi? Nikimwambia acha, ataniuliza kwa Kiingereza."

Kisha akatoa jingine. Haendi kwenye usaili. Ameamua. Mavuno ya shemeji yake yanahitaji mtu, na hapa Haneti hakuna anayemwuliza kipi ni *better*. Alisema bila hasira, kama mtu aliyekwisha kufunga mlango na anakuonyesha tu kwamba umefungwa.

Nikaropoka, "Haiwezekani, lazima uende! Umejiandaa muda wote huu, mimi nimeacha..."

Mama alinitazama. Nikasikia mwenyewe nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nimetoka kupiga goti kwenye makapi, na kabla vumbi halijatoka kwenye sketi nilikuwa nampangia baba pa kwenda. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kuliko siku zote. Kama ni mdogo wangu, namshika mkono nampandisha basi. Kama ni mwanafunzi, namwambia acha utoto. Lakini ni baba, na baba akishaamua mtoto hamwamrishi. Sasa nifanye nini, nimwache aipoteze kazi yake kwa heshima?

Nilikaa naangalia sufuria. Nikakumbuka kwamba kuna kitu kimoja mtoto anaruhusiwa.

Mtoto anaruhusiwa kuomba.

Nikatoka kwenye kigoda, nikakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yake. Sikutumia hoja hata moja. Nilimwomba kama nilivyokuwa nikimwomba marehemu viatu vya Krismasi, huku natazama chini na kuchuna uzi wa mkeka. "Baba, naomba uende. Usipokwenda nitajua ni mimi niliyekuzuia, na sitalala. Naomba uende kwa ajili yangu."

Akatazama nje, akamtazama mama, akajikuna kichwa, makapi yakadondoka.

"Ndiyo shida ya kuwa na mabinti," alimwambia mama.

Mama akageuza uso ili asionekane anacheka. Tulirudi mjini na basi la jioni, yeye kiti cha dirishani, amelala njia nzima mdomo wazi. Nikamfunika kanga yangu kwa sababu ya baridi. Mwanamke aliyekaa upande wa pili akaniuliza kama ni mdogo wangu. Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikasema ni mtu wa nyumbani.

Leo baada ya kanisa tukaanza upya. Jana kabla hatujaondoka mama alikuwa ametupa sheria: kabla ya somo yeye ni baba, kwenye somo ni mwanafunzi, somo likiisha ni baba tena. Ukiisikia ni rahisi. Tulipofika barazani tukakwama kwenye kiti. Mwenye hoteli lazima akae kwenye kiti chenye mikono, lakini kiti hicho nyumbani kwangu ni cha Yeremia akiwepo. Tukasimama tunakitazama. Mwishowe Baba Sechi, ambaye alikuwa anasoma gazeti kwenye kiti hicho, akasema atabaki nacho yeye ili kusiwe na ugomvi.

Sechi nilishamwita chumbani tangu jana. Alimwomba babu yake radhi, akaangua kilio katikati, Yeremia akambembeleza kwa kumwahidi chipsi. Leo alikaa mlangoni kimya, mikono mapajani, na kila *better* ilipopita salama nilimwona anatabasamu peke yake.

Na *better* zilipita. Si zote. Chumba kilikuwa *better*, kifungua kinywa kikawa *better*, halafu bei ikawa *more cheaper*, akajishika mdomo mwenyewe. Nilimrekebisha polepole. Nilijikuta nasema, "Baba, hapo hapana *more*," na kila nikisema hivyo najiuliza ni mwalimu gani duniani anayesahihisha kwa kuanza na baba. *Borrow* na *lend* tumeziacha. Nimemwambia mgeni akitaka mwavuli ampe tu.

Nikajaribu jambo jingine. Asubuhi nilifungua kamusi ya simuni nikaona kuna *older* na kuna *elder*, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni la umri mtupu. La pili hutumika zaidi kwa mambo ya familia na heshima. Nikafurahi kama niliyeokota hela, nikamweleza, kwamba mimi ni *older* na yeye ni *elder* wangu. Akafikiri.

"Kwa hiyo nao wanajua haya mambo?"

"Nusu nusu," nikasema.

"Basi wangejua yote wasingehitaji maneno mawili," alisema, na mimi hapo nikachanganyikiwa upya. Sijui kama amesema kitu kikubwa au amesema upuuzi. Nimekifikiria tangu saa ile huku nachambua mchele, na bado sijui.

Swali la mwisho kabla ya kufunga lilikuwa lile wanaloliuliza kila usaili, mtu aeleze habari zake na za familia yake. Nikamwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kihoteli. Yeremia akavuta pumzi. Akaweka mikono magotini, akanitazama usoni bila kupepesa, na kigugumizi chake chote kikawa kimekwenda sijui wapi.

"*My brothers died,*" alisema. "*Now I am the father. I have two daughters. My first daughter is more older than me. She is teaching me English.*"

Gazeti la Baba Sechi liliacha kuchakarisha.

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilimwona huyo bwana wa usaili akimtazama mwenzake. Nilimwona kijana wa miaka ishirini na minne, tai shingoni, anawaambia watu wazima wenye akili zao kwamba ana binti aliyemzidi umri. Watadhani hajui maneno. Au watadhani ana kasoro kichwani. Neno lao lipo, *niece*, na nililifikisha mpaka kwenye ulimi. Wiki iliyopita niliwahi kumfundisha, akakataa. Alisema huyo ni mpwa, mtoto wa dada. "Wewe si mpwa wangu. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, ni wangu." Wakati ule niliona ni ubishi tu wa mtu asiyetaka kujifunza.

Alikuwa ananisubiri. Alijua kuna kosa, maana uso wangu huwa haufichi. Sechi naye alijua. Aliziba mdomo kwa mikono miwili ili neno lisimtoke.

"Baba," nikasema, "hapo toa *more*. Sema *older* peke yake."

Akalirudia taratibu mpaka likakaa. Kisha akauliza, "Na *daughter*?"

"*Daughter* iache," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akajinyoosha. Somo likawa limekwisha, akawa baba tena, akaniagiza chai.

Sasa jioni imeingia, upepo bado unapiga mabati, na mimi niko jikoni na simu hii naandika badala ya kusonga ugali. Shati lake jeupe nimeshalipiga pasi, limetundikwa mlangoni. Kila nikipita naligusa kola. Nafasi ya kumwita bado ipo. Chumba cha uani si mbali, naweza kwenda sasa hivi nikamwambia, kesho sema *niece*, ni neno tu, haliui mtu, upate kazi. Mwalimu mzuri angekwenda. Nimeinuka kwenda, nikarudi nikakaa, nikainuka tena.

Je, nimemwachia neno lake, au nimemwachia akaaibike kwa sababu lilikuwa tamu masikioni mwangu?

Sijui. Ninachojua ni kwamba asubuhi nitawahi bombani kabla hajapiga mswaki, ili shikamoo yangu iwe neno la kwanza analolisikia, kwa lugha asiyokosea. Halafu nitasimama getini nimwangalie mpaka akate kona.

Kesho ni Jumatatu, na baba yangu anakwenda kuomba kazi.